AFYA YA NYUMBA: BAKA LISILOHISI



Mwezi huu tumeyaweka kando yale tuliyokuwa tumeyatayarisha juu ya chakula cha watoto wachanga, kwa sababu ya barua iliyotujia kutoka kwa mama mmoja wa mwambao. Barua zitujiazo ni nyingi, na nyingi katika hizo twaweza kuzijibu kwa mistari michache. Hii haikuwa ya namna hiyo. Tulimjibu mwenyewe kwanza, tukaandikiana mara tatu, na sasa kwa idhini yake na ya binti yake twaieleza habari yao, pasipo kutaja jina wala mji, ili wanufaike na wengine.

Mama huyu ana binti wa miaka 19. Binti aliposwa, mahari yakakubaliwa, na siku ya nikahi ikawekwa. Zilipobaki siku 12, somo wake alikuja kumsinga kama ilivyo ada. Alipokuwa akimpaka singo mgongoni aliona chini ya bega la kushoto baka lililofifia rangi, upana wake kama kisahani cha kikombe cha kahawa. Akatazama zaidi, akaona jingine dogo karibu na kiwiko. Somo hakusema neno mbele ya binti wala mbele ya mama yake. Lakini aliporudi kwake alimwambia mtu mmoja, na huyo akamwambia mwingine. Ilipofika adhuhuri habari ilikuwa kwamba binti ana mbalanga. Ilipofika magharibi ilikuwa ana barasi. Na asubuhi yake, ilipoingia nyumbani kwa mchumba, ilikuwa ana jedhamu na wazazi wake wamemficha. Posa ikasimamishwa.

Baka lile halikuwa geni kwa mama. Alikuwa amekwisha liona tangu mwaka uliopita, na mara mbili alimpeleka binti yake zahanati, na mara zote mbili alipewa marhamu ya choa. Baka halikuondoka. Jirani akampa krimu ya kusawazisha rangi ya ngozi. Nayo haikufaa kitu. Jamaa mmoja akamwambia kwamba hilo ni jicho la hasidi, binti apewe kombe. Mama akachoka. Akatuuliza maswali mawili: haya ni maradhi gani, na je, ni dhambi juu yake kulificha baka hilo mpaka nikahi ipite?

Wasomaji wataona kwamba swali la pili halijibiki kabla ya la kwanza. Hatuwezi kutoa hukumu ya jambo ambalo lenyewe hatujalijua. Basi na tuanze hapo.

MAJINA YALIYOCHANGANYWA

Katika lugha yetu yako maneno mengi ya kutaja ngozi iliyobadilika: mba, choa, mbalanga, barasi, ukoma, jedhamu. Ubaya si wingi wa maneno, bali ni kwamba kila mtu huyatumia kama apendavyo. Wako waitao mbalanga ukoma, na wako wadhanio kwamba barasi ni ukoma ulio mwanzoni. Sivyo. Haya ni maradhi mbalimbali, wala hakuna moja katika hayo ligeukalo likawa jingine.

Mba huletwa na kuvu ndogo iishiyo juu ya ngozi za watu wote, ambayo katika joto na jasho huzidi, ikaacha madoa yaliyofifia shingoni, kifuani na mgongoni. Ukiyakuna kwa ukucha hutoka unga mwembamba. Choa nayo ni kuvu, lakini huenda kwa duara, ukingo wake umeinuka na una magamba, na huwasha. Kisha yako yale mabaka meupe ya mashavuni mwa watoto, ambayo huandamana na ukavu wa ngozi na mara nyingi huondoka yenyewe mtoto akikua. Na barasi, ambayo ndiyo mbalanga, ni kupotea kabisa kwa rangi, mahali pake pakawa peupe pe kama maziwa, aghalabu mikononi, miguuni, na kuzunguka macho na kinywa. Barasi haiambukizi, haiui, wala haiharibu kiungo. Yote haya manne yana sifa moja iyakusanyayo: ngozi huhisi kama kawaida. Ukiigusa, mwenyewe hujua kwamba ameguswa.

Ukoma, ambao ndio jedhamu, ni kitu kingine. Kijidudu chake kiligunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen, katika mji wa Bergen. Kijidudu hicho hukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu. Kwa hiyo baka la ukoma si jambo la rangi tu. Ile mishipa midogo ituleteayo habari za joto, baridi na kuguswa imekwisha kudhuriwa mahali hapo.

Tusikiapo jina la ukoma hutujia akilini vidole vilivyopinda na miguu yenye vidonda. Huo ni mwisho wa ukoma ulioachwa miaka mingi pasipo dawa. Mwanzo wake mara nyingi ni baka moja au mawili, yasiyouma, yasiyowasha, yasiyotoa usaha. Na humo ndimo mwenye hatari, kwani jambo lisilomuuma mtu halimtoi nyumbani kwenda kwa tabibu. Tena kijidudu hiki ni kizito wa mwendo: tangu kuingia mwilini hata kuonekana alama hupita kwa kawaida kama miaka 5, na pengine hufika 20 au zaidi.

KWA NINI HUKOSEWA

Msomaji atauliza, ikiwa ni hivyo, vipi baka la binti huyu lilipita mbele ya matabibu mara mbili? Hatupendi kuwalaumu watu wafanyao kazi nyingi kwa vifaa vichache. Sababu twaziona mbili, na zote mbili zafaa kujulikana.

Ya kwanza ni kwamba ukoma umekuwa adimu. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani liliagiza ukoma utibiwe kwa dawa kadhaa kwa pamoja badala ya moja, na tangu hapo wagonjwa walipungua sana, hata ulipofika mwaka 2000 wakawa, kwa hesabu ya dunia nzima, chini ya mmoja katika kila watu 10,000. Hiyo ni neema kubwa. Lakini tabibu kijana wa leo aweza kumaliza masomo yake asimwone mgonjwa wa ukoma hata mmoja, na maradhi ambayo mtu hajapata kuyaona hayamjii upesi akilini. Nao haujatoweka. Mwaka 2023 walipatikana duniani wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na nchi zetu za Afrika ya Mashariki zimo katika hesabu hiyo.

Ya pili ni habari ya vitabu. Vitabu vya maradhi ya ngozi vilivyosomeshwa kwa muda mrefu viliandikwa zaidi Ulaya na Marekani, na picha zake nyingi ni za watu wenye ngozi nyeupe. Katika ngozi hiyo, kila palipo na uvimbe wa maradhi hupiga wekundu, na mwanafunzi hufundishwa kuutafuta wekundu. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, damu huja mahali pale vile vile, lakini rangi ya ngozi huifunika. Palipokuwa pawe pekundu huonekana pana zambarau iliyokolea, au kijivu, au weusi uliozidi weusi wa pembeni. Na baka la ukoma, ambalo kwa mtu mweupe huwa jekundu, kwetu aghalabu huwa limefifia tu, au lina rangi ya shaba. Si jeupe pe. Kwa jicho la haraka, na chini ya taa hafifu, hufanana na mba au choa.

Wengine nao wamekwisha liona pengo hili. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha St George's, London, aitwaye Malone Mukwende, pamoja na walimu wawili wa chuo hicho, walitoa kitabu chenye picha za alama za maradhi juu ya ngozi nyeusi na ya kahawia, kwa kuwa masomo yake yalimwonyesha zaidi alama za ngozi nyeupe. Na hapa kwetu, tangu mwaka 1992, kiko Moshi, penye hospitali ya KCMC, chuo cha kanda kinachofundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika maradhi ya ngozi, na hujifunza kwa kuwatazama wagonjwa wenye ngozi kama zetu. Lakini wahitimu wa namna hii hawajafika katika kila zahanati. Na mpaka wafike, watu wa nyumbani hawana budi kuijua ngozi yao.

Ajabu ni kwamba jambo hili lina mfano wake hata katika vitabu vyetu vya fikihi. Baadhi ya wanazuoni, walipotaka kueleza barasi, walitoa alama hii: pabonyezwe penye weupe, pasipogeuka pekundu ndiyo barasi. Alama hiyo huonekana vyema kwa watu wa rangi yao. Sisi tukiishika peke yake twaweza kumbandika barasi mtu asiye nayo, kwani ngozi zetu hata zikiwa nzima hazionyeshi wekundu wazi zibonyezwapo.

NAMNA YA KULIPIMA BAKA

Tulimwandikia mama yule aiache habari ya rangi, akapime hisia. Haya tuliyomwambia aweza kuyafanya kila mama na kila baba nyumbani kwake.

Kwanza, mgonjwa atazamwe mchana, karibu na dirisha au mlango, mwanga umpige kwa ubavu. Mabaka yaliyofifia katika ngozi nyeusi hupotea chini ya taa ya usiku. Atazamwe mwili mzima, mbele na nyuma, kwani mabaka mengi hukaa mgongoni na matakoni, mahali ambapo mwenyewe hajioni.

Pili, chukua pamba kidogo, uisokote ncha yake iwe nyembamba kama utambi. Mguse mgonjwa kwanza mahali pazima, macho yake yakiwa wazi, mpaka afahamu kinachotakiwa. Kisha afumbe macho, na kila ahisipo ameguswa aonyeshe kwa kidole mahali penyewe. Guza tu, usipangushe. Changanya: mara mahali pazima, mara penye baka, mara usiguse kabisa. Usitumie sindano, wala moto, wala maji ya moto. Mahali pasipohisi huungua pasijulikane, na kidonda chake hukawia kupona.

Tatu, tazama kama baka ni kavu kuliko ngozi ya pembeni, kama halitoi jasho, na kama vinyweleo vyake vimepungua.

Nne, mwulize mgonjwa kama ana ganzi mikononi au miguuni, kama vitu humponyoka, kama kidole cha mwisho kimeanza kujikunja, kama ndala humtoka asijue, kama jicho halifungi sawasawa. Haya yote ni dalili kwamba mishipa mikubwa imeguswa.

Twaongeza tahadhari mbili. Baka la usoni laweza kuwa la ukoma na bado likahisi, kwa sababu mishipa ya uso ni mingi. Na iko namna nyingine ya ukoma ambayo haina mabaka ya ganzi mwanzoni, bali ngozi hung'aa na kunenepa, ndewe za masikio huvimba, nyusi hupukutika, na vijinundu hutokea. Kwa hiyo baka lisilohisi ni la kupelekwa kwa tabibu bila ya kungoja. Lakini baka linalohisi, ikiwa limekaa miezi mingi na dawa halisikii, nalo lipelekwe.

Majibu ya mama yalitufikia baada ya wiki moja. Aliandika kwamba binti alijua kila alipoguswa, mkononi, shingoni, tumboni. Alipofika penye baka la mgongoni alimgusa mara tano, pole pole, hapa na pale. Binti akiwa amefumba macho akamwuliza, "Mama, mbona hujaanza?"

Tulimjibu siku ile ile, kwamba ampeleke hospitali ya wilaya, katika kliniki ya kifua kikuu na ukoma, na aseme kwa maneno yaliyo wazi: mwanangu ana baka lisilohisi. Maneno hayo mawili, baka lisilohisi, ndiyo ya kumwambia tabibu. Ukisema "ana doa" utapewa marhamu. Na aseme pia dawa zote alizopakwa, pamoja na ile krimu ya jirani, kwa kuwa krimu nyingi za kusawazisha rangi zina dawa kali ambazo huzibadili alama za ngozi, tabibu akakosa kuijua hali yake ya asili.

YALIYOONEKANA

Hospitalini daktari mwanamke alimpima kwa pamba vile vile, kisha akaibonyeza mishipa ya shingoni, ya viwiko na ya nyuma ya magoti kutafuta kama imevimba. Akakwangua majimaji kidogo ya ngozi yakatazamwa kwa hadubini. Ilikuwa ni ukoma, wa namna iliyo nyepesi, mabaka mawili tu, na mishipa mikubwa ilikuwa salama. Mikono ya binti ni mizima, miguu ni mizima, macho ni mazima.

Basi uvumi wa mjini ulilipata jina, lakini haukujua maana yake. Waliotamka jedhamu walidhani wametamka mwisho wa maisha ya binti. Hukumu ya daktari ilikuwa vidonge vya miezi 6.

Dawa hizo ni tatu kwa pamoja, rifampisini, dapsoni na klofazimini. Wenye mabaka yasiyozidi matano, ambao kijidudu hakikuonekana katika majimaji ya ngozi wala mishipa yao mingi haikuguswa, hutumia miezi 6. Wenye zaidi hutumia miezi 12. Hutolewa bure. Mgonjwa akishaanza dawa, uwezo wake wa kuambukiza hukatika upesi. Na hata kabla ya hapo, ukoma si maradhi yaambukizayo kwa kupeana mkono au kula pamoja mara moja, bali kwa kukaa karibu siku nyingi na mgonjwa asiyetibiwa, na miili ya watu walio wengi sana hukishinda kijidudu chake. Hahamishwi nyumbani, hatengewi sahani, haachwi nje ya safu ya Sala. Walio nyumba moja naye hupimwa, na yako mahali hupewa dawa ya mara moja ya kuwakinga.

Mambo mawili ya dawa hizi huwatisha watu wasioambiwa mapema. Rifampisini huufanya mkojo uwe mwekundu, si damu. Na klofazimini huitia ngozi weusi, khasa penye mabaka, na katika watu wa rangi yetu jambo hili huonekana wazi. Wako walioziacha dawa kwa sababu hii, wakidhani maradhi yanazidi. Rangi hiyo hurudi taratibu baada ya dawa kwisha. Asiache mtu dawa.

Na liko jambo la tatu, nalo ndilo kubwa. Pengine, kabla ya dawa, katikati yake, au hata baada ya kumaliza, mabaka huvimba ghafula, yakawa moto, na mishipa ikauma, mkono ukapoteza nguvu. Vitabu vitasema mabaka yamekuwa mekundu. Usingoje wekundu. Tumia mgongo wa mkono wako: ukiona baka lina joto kuliko ngozi ya pembeni, limeinuka, au mgonjwa alalamika maumivu ya kiwiko, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Iko dawa ya kuutuliza mshituko huo, nayo huokoa kiungo ikiwahi. Wiki chache za kungoja zaweza kumpotezea mtu mkono wake.

JAWABU LA SWALI LA PILI

Sasa twaweza kulirudia swali lile la kuficha.

Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, wameitaja jedhamu na barasi miongoni mwa aibu zimpazo mume au mke hiari ya kuivunja ndoa. Watu wengi wamesikia hilo, na hawakusikia yaliyobaki. Wanazuoni hao hao walisema kwamba bahaki, yaani weupe mwepesi wa juu ya ngozi, haihesabiwi kuwa barasi. Baadhi yao walisema kwamba mwanzo tu wa maradhi hautoi hiari, mpaka yakite. Na walisema kwamba wakigombana watu wawili juu ya weupe uliomo mwilini, mmoja akasema ni barasi na mwingine akakataa, hutakiwa ushahidi, na mashahidi wenyewe ni sharti wawe wenye kujua utabibu. Tazama basi. Wazee wetu hawakuliachia jambo hili jicho la kila apitaye, wala ulimi wa jirani. Wako watakaotukumbusha hadithi ya kumwepuka mwenye jedhamu. Twaijua, na twajua pia kwamba wanazuoni wameieleza pamoja na hadithi nyingine za mlango huo. Lakini hakuna katika hizo hata moja iliyotupa ruhusa ya kumwita mtu mwenye jedhamu kwa dhana.

Kwa upande wa mama, tulimwambia kwamba kuficha haifai. Posa ni ahadi, si akdi. Kabla ya akdi kila upande una haki ya kujua, na una haki ya kujitoa. Ndoa iliyojengwa juu ya baka lililofunikwa haitakuwa na utulivu, na binti mwenyewe ataificha dawa yake, ataikosa, na maradhi yatamrudia. Awaambie wenye mchumba kweli yote: kwamba ni ukoma, kwamba umejulikana mapema, kwamba unatibika, kwamba dawa imekwisha kuanzwa, na kwamba daktari yuko tayari kuwaeleza. Wakijitoa baada ya kujua, hawakufanya haramu. Wakijitoa kwa uvumi, wamedhulumu. Na yatakayotatiza katika hukumu apelekewe kadhi, naye awaulize matabibu kama fikihi ilivyoagiza.

Wakati tuandikapo haya, binti ameingia mwezi wa pili wa dawa. Mchumba na mjomba wake walikwenda wenyewe kwa daktari, wakauliza waliyotaka kuuliza, na waliporudi walisema watangoja mpaka dawa zimalizike. Mama wa kijana bado hajaridhika. Mama wa binti atuomba dua, nasi twawaomba wasomaji wetu wamwombee.

WASIA WETU

Twamaliza kwa wasia kwa watu watatu.

Kwa wazazi: ngozi ya mtoto itazameni tangu utotoni mwake, mkimwogesha na mkimpaka mafuta. Baka lililokaa lipimwe kwa pamba kabla ya kupakwa kitu chochote. Kombe na dua si badala ya tabibu. Mwislamu humwomba Mungu na hutafuta dawa, na hakuna kati ya hayo mawili lililo kinyume cha mwenziwe. Wala haya isimzuie mwanamke kutazamwa. Sheria imeruhusu kufunuliwa mahali panapohitajiwa na tiba, kwa kiasi cha haja. Na atafutwe daktari mwanamke akiwapo, au awepo mahramu wake. Aliyelificha baka kwa sitara hata kidole kikapinda hakuilinda sitara yake, ameupoteza mkono wake.

Kwa wale wasingao maharusi: ninyi mmepewa kuyaona ambayo hata mama hayaoni. Hiyo ni amana. Somo wa binti huyu alikuwa mtu wa kwanza kulitazama baka lile kwa makini mchana kweupe. Lau neno lake angalimwambia mama peke yake, angekuwa ndiye sababu ya uponyaji, na angepata malipo yake kwa Mungu. Neno lile lile, lilipopita mlango mwingine, likawa fitina.

Na kwa ndugu zetu matabibu wa zahanati: twaijua kazi yenu na uchache wa wakati wenu. Lakini marhamu ya choa ikishindwa mara ya kwanza, kabla ya kuitoa mara ya pili chukueni pamba. Haigharimu kitu, na huchukua dakika moja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awatunuku matabibu wetu ujuzi, na azilinde ndimi zetu na heshima za watu. Amin.